Kopo la Vifungo Vyekundu

Hivi wewe umewahi kukaa mlangoni pako tangu asubuhi hadi jioni ukamhesabu kila mtu anayepita? Sisemi kutazama; kutazama tunatazama sote. Nasema kuhesabu, mmoja mmoja, bila kumruka hata mtoto aliyebebwa mgongoni. Mimi nimefanya hivyo siku tatu, na nimeona niandike mwenyewe ilivyokuwa, maana habari hii inazunguka mtaani na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma hadi darasa la sita, kwa hiyo usitarajie hesabu za ajabu hapa. Nyumba yetu iko hatua thelathini na mbili kutoka mzunguko wa saa, ule wenye saa iliyokwama saa nne na robo sijui tangu lini. Chumba cha mbele ndicho kiwanda changu: cherehani karibu na mlango ili nipate mwanga, meza ya kukatia, pasi moja ya umeme na mbili za mkaa za siku umeme ukikatika, na rafu ya makopo ya maziwa yaliyojaa vifungo. Nje kuna ngazi mbili za saruji na benchi la wateja. Ng'ambo ya barabara anakaa fundi viatu, mzee wa rika langu, tunamwita Soli. Ameshona viatu vya mji mzima, ila mdomo wake mwenyewe hajawahi kuutia hata sindano moja.

Kutoka kwenye mzunguko, barabara inanyooka mita mia tisa mpaka geti la mpaka. Ukivuka geti ni nchi nyingine, ingawa watu ni walewale na vumbi ni lilelile. Katika hizo mita mia tisa hakuna kinachotembea isipokuwa miguu. Malori yanapanga foleni pande zote mbili, pua kwa mkia, madereva wamelala chini yake kwenye mikeka. Niliwahi kupanda pikipiki mara moja. Tulikwama katikati ya malori mawili, kijana akaniomba niteremke tusukume. Nikasukuma, na magoti yangu hayajanisamehe mpaka leo. Soli naye alijitolea kunipeleka kwa mkokoteni wa jirani, nikamwambia mimi si gunia la vitunguu. Akasema gunia la vitunguu lisingempigia kelele namna ile.

Sasa, kwa nini nipelekwe huko? Nyumba ya tano baada ya geti, mkono wa kushoto, mlango wa bluu, anakaa dada yangu. Ndiye aliyebaki. Tulijifunza kushona kwenye cherehani moja ya mkono, yeye anazungusha gurudumu, mimi naelekeza kitambaa, na mtu akituona kwa nyuma alidhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Kisha yeye akaolewa upande ule, mimi upande huu, na kwa miaka mingi hilo halikuwa tatizo: unavaa kandambili, unakwenda, unakunywa chai, unarudi. Siku hizi yeye ni nyonga, mimi ni magoti. Ilikuwa imefika miaka miwili na miezi mitatu hatujaonana.

Kila Jumapili tulipigiana simu. Ananiambia nisijisumbue, namwambia asijisumbue, tunacheka, tunaagana, halafu mimi nakaa nimeishika ile simu mpaka kioo chake kizime. Ukutani kwake linaning'inia gauni langu la kijani lenye mkono mmoja. Alilikata mwenyewe, akashona mkono wa kulia kwa kukisia, akaona umebana mno, akasema wa kushoto hashoni mpaka anipime. Ningeweza kumtajia vipimo kwa simu, fundi ni mimi. Hataki. Anasema ananijua tangu utotoni, nitajipunguzia kiuno.

Nilitaka kwenda. Nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta mbele. Lakini hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia. Ndivyo nilivyo. Wakigawa chakula wakiniuliza nataka kipande gani, nasema chochote. Wakiuliza tukae kivulini au ndani, nasema popote. Jibu langu la kila siku ni "mimi sina neno", mpaka wajukuu wamenibandika jina, Bibi Sina Neno, na mimi nikiitwa hivyo naitika.

Basi ikaja habari ya mabasi. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, anakaa na mimi na anafanya kazi ofisi ya mipango ya jiji. Jiji lilikuwa linapanga mabasi ya haraka: marefu, yenye njia yao peke yao katikati ya barabara, lori lisithubutu kutia hata tairi. Yaanzie hospitali kuu, yapite stendi, chuo na soko, vituo kumi na kimoja, yaje mpaka kwetu kwenye mzunguko. Ramani aliileta nyumbani, ikafunika meza yangu ya kukatia pembe hadi pembe, tukaikandamiza kwa pasi za mkaa. Mstari mwekundu ulikuja ukakatikia kwenye mzunguko. Kutoka hapo mpaka geti palikuwa na vitone vya penseli tu, na vile vitone alivichora mjukuu wangu mwenyewe. Alitaka mabasi yafike getini, kituo cha kumi na mbili.

Mkuu wake hakutaka. Huyo mkuu wanamwita Bwana Rula, kwa sababu rula ya chuma haitoki mfukoni mwake, na pale ofisini wanaapa kwamba keki ya harusi yake aliipima kabla ya kuikata. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kupima. Alisema mita mia tisa za mwisho ndizo ngumu kuliko zote, malori itabidi yahamishiwe kwingine, na yeye hawezi kwenda kikaoni na vitone vya penseli. Akatoa sharti: wakihesabiwa watu elfu tano kwa siku wanaotembea kwenda getini, kituo cha kumi na mbili kitajengwa. Wakipungua, mabasi yanageuzia kwenye mzunguko.

Ofisi ikaajiri vijana wa kuhesabu. Wa barabara yetu, hata hajaanza kazi, akashikwa na tetekuwanga. Mjukuu akarudi nyumbani amenuna, akajitupa kwenye kiti, akasema hana mtu wa kumweka. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikamwambia kama ni kukaa mlangoni na kutazama barabara, kazi hiyo naifanya miaka arobaini na hakuna aliyewahi kunipa kitambulisho.

Wakanipa kitambulisho, cha kuvaa shingoni, chenye picha. Soli alipokiona alivuka barabara kuja kukisoma, akaniuliza kama sasa ataruhusiwa kuniamkia bila kuandika barua ya maombi.

Wakanipa pia kidude cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba, kinachopanda namba kila ukibonyeza. Gumba langu limeshika sindano miaka hamsini, halikunji vizuri. Nikibonyeza mara moja linahesabu wawili, nikirudia linagoma. Nikakiweka kando nikachukua makopo. Vifungo vyeupe vya mashati ninavyo tele. Nilihesabu watu kumi kwa vidole vyangu, kisha nikatoa kifungo kimoja kwenye kopo la kulia nikakidondosha kwenye kopo la kushoto: ti! Watu kumi. Ti! Kumi wengine. Niliwahesabu wanaokwenda getini tu, wanaorudi niliwaacha.

Siku ya kwanza vilidondoka vifungo mia sita ishirini na vinne. Watu elfu sita mia mbili arobaini. Mjukuu alivihesabu mara mbili kwa mikono yake, akanishika mabega akanizungusha mpaka kilemba kikanidondoka. Siku ya pili mambo yalikuwa yanakwenda vilevile, na nakiri nilikuwa nimeshaanza kumwona dada yangu akinifungulia ule mlango wa bluu.

Ilikuwa kama saa nane mchana nilipoishtukia ile sketi.

Fundi haangalii sura. Pita mbele yangu leo, kesho nitakusahau uso, lakini nitakumbuka kwamba zipu yako ilishonwa na mtu mwenye haraka. Tangu asubuhi niliona sketi ya maua ya zambarau iliyofumuka pindo upande wa kushoto, kama shibiri moja, na mikono ikaniwasha. Saa tatu nikaiona tena. Nikajiambia labda ni mitindo, zinauzwa nyingi sokoni. Lakini pindo halifumuki kwa mtindo. Ilipopita mara ya saba, boksi la sabuni kichwani, nilimwita mwenye nayo aje nimkunjie. Mama wa watu akacheka, akasema, "Ahsante mama, lakini bado nina safari tatu. Nikikaa sitainuka."

Nikamuuliza safari gani. Akanieleza huku anarekebisha kata yake kichwani. Getini kila mtu anaruhusiwa kupita na mzigo mmoja wa kubeba bila makaratasi marefu. Kwa hiyo wenye maduka huwapa wachukuzi mali yao boksi kwa boksi, na wachukuzi huenda na kurudi kutwa nzima. Nikamuuliza wako wangapi. Akasema kama mia tatu hivi, mwenye bidii anafikisha safari kumi, mvivu nane. Akaenda zake, pindo linaburuta.

Nilikaa nimeshika kifungo hewani. Wakapita watu kama kumi na watano bure.

Nikachukua chaki yangu nikaandika kwenye kipande cha bitana. Watu mia tatu, mara tisa tisa: elfu mbili mia saba. Ukiwatoa hao, ukawarudisha mia tatu walio watu kweli, hesabu ya siku ya kwanza inabaki elfu tatu mia nane arobaini. Nikarudia, nikitumaini elimu yangu ya darasa la sita imenikosesha. Haikunikosesha.

Soli aliona nimeacha kudondosha vifungo akavuka kuja kuuliza. Nikamweleza. Akafikiri, akakuna kichwa kwa msumari wa kiatu, akasema walioniajiri walisema nihesabu wanaopita, na wale wamepita, kwa hiyo ninyamaze niendelee na ti ti ti yangu. "Kwani umemhesabu mbuzi, fundi mwenzangu? Umehesabu watu." Nikamwambia basi siku watakapoleta basi la watu mia nne tutampakia mama mmoja na sketi yake mara mia nne. Akasema hapo ameshindwa, akarudi kwenye viatu vyake.

Ungedhani jioni ile nilimwambia mjukuu. Sikumwambia. Alikuja na furaha, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuvipitia vile vitone vyake kimoja kimoja, ulimi nje kama alivyokuwa akifanya akiwa darasa la kwanza. Nilimtazama. Nikafikiria gauni la mkono mmoja. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Nilimwambia asubuhi, anakunywa chai amesimama, kiatu kimoja kipo mguuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa, akakivua kile kiatu.

"Bibi, umelijua hili tangu lini?"

"Tangu jana saa nane."

"Na ukalala nalo?"

"Sikulala nalo vizuri."

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Akasema Bwana Rula hukagua kila hesabu kwa miguu yake, angekuja kusimama hapa siku moja tu angemwona mama wa sketi, na tangu hapo yeye mjukuu asingeaminiwa hata kuhesabu viti vya mkutano. Akaniuliza, kama alivyokwisha kuniuliza mara mbili tatu tangu ramani ije, mimi mwenyewe nilitaka kituo kiwe wapi. Nikamwambia mimi sina neno.

Tukakubaliana kwamba siku ya tatu tuhesabu upya, vizuri. Lakini utamtengaje mchukuzi na mpita njia? Hapo ofisi haikuwa na jibu, fundi alikuwa nalo. Nilichukua chaki ya bluu ya kuchorea vitambaa. Kila mchukuzi akipita mara ya kwanza, namhesabu kwenye kumi zangu, kisha namchora mstari begani; akirudi na mstari wake, namwacha apite. Mama wa sketi ndiye aliyewapanga wenzake. Walikuja wakijipanga kama wanaopimwa sare, wananitania. Mmoja akaniomba nimchore na mfuko kabisa, mwingine akasema nisije nikamkata kwa mkasi. Kabla ya saa tatu barabara nzima ilikuwa inapitwa na mabega yenye mistari ya bluu, na madereva wa malori walidhani ni chama kipya.

Kwa kuwa sasa nilikuwa ninatazama vizuri, nikaanza kuona mengine. Niliona benchi langu halikai tupu. Mtu anatoka kwenye mzunguko, anafika kwangu, anaitazama ile barabara ilivyo ndefu, anakaa. Mama mwenye cheti cha kliniki. Baba mwenye fimbo. Binti mjamzito aliyevua viatu akaviweka mapajani. Wanapumzika, wanaendelea. Mimi kitu kikipita mbele yangu bila kupimwa nakosa amani. Nikashusha kopo la vifungo vyeusi vya makoti: kimoja kwa kila kumi waliokaa.

Halafu nikaona wale wengine. Hao wanakuja mpaka kwenye benchi, wanakaa, wanatazama, wanamuuliza Soli foleni imefika wapi, wanatazama tena. Kisha wanainuka na kurudi walikotoka. Wa kwanza nilidhani amesahau kitu. Wa pili nilimuuliza. Alikuwa mzee mwenye mfuko wa ndizi, akaniambia amekuja kumwona mwanawe upande wa pili, ila leo mguu umekataa. Atajaribu wiki ijayo. Niliona haya kwa niaba yake, na sikujua kwa nini. Nikashusha kopo la tatu, vifungo vyekundu vya sare za shule ya wasichana, nikadondosha kimoja. Hao niliwahesabu mmoja mmoja, si kumi kumi.

Jioni tukavimwaga mezani. Wanaokwenda getini: elfu tatu mia nane sabini. Waliokaa kupumzika: mia sita na kumi. Waliorudi: mia moja na wanne.

Mjukuu aliandika yote, pamoja na kosa la siku mbili za kwanza, hakuficha hata koma. Vifungo vyeupe alivitia kwenye mfuko akaufunga kwa gundi akaandika tarehe, eti ushahidi. Vyeusi vivyo hivyo. Gundi ikaisha, vyekundu vikabaki kwenye kopo lao.

Jumamosi saa nne Bwana Rula akaja mwenyewe. Amenyoosha suruali, rula mfukoni, jalada kwapani. Akanisalimia kwa heshima zote, akaomba kuona mahali nilipokaa, akakaa pale, akatazama barabara kwa muda mrefu. Akalipima benchi. Akatembea mpaka getini na kurudi, akaja analowa jasho, akaomba maji. Nilipompa glasi nikaona shati lake halina kifungo cha mkono wa kushoto, mkono unapepea kama bendera. Nilivumilia mpaka amalize maji.

"Mwanangu, lete huo mkono."

Alisita, kisha akaunyoosha. Siwezi kukueleza raha ya kumshika mkuu wa ofisi kwa uzi. Haendi popote mpaka umalize. Mjukuu wangu aliliona hilo akalitumia. Akamweleza habari ya makopo matatu, taratibu, bila kubembeleza. Akasema sharti lilikuwa elfu tano na hawakufika, hilo analikubali. Lakini hesabu yetu inawajua wanaoweza kutembea tu. Njia ya mabasi hatuwajengei wao peke yao.

Bwana Rula alisikiliza. Akasema waliokaa wamekaa, lakini walifika. Na wale mia moja na wanne, nani ajuaye? Labda walikuja kwa fundi viatu. Soli, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kualikwa, akasema laiti angepata wateja mia na wanne kwa siku angekuwa amevaa viatu yeye mwenyewe. Tukamtazama miguu. Kandambili, moja ya kijani, moja nyekundu.

Hata Bwana Rula alitabasamu. Kisha akawa mtu wa kupima tena. Akasema kikao ni Jumatatu, na kwenye fomu ipo sehemu ya maelezo ya wananchi, nayo ni tupu. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Nina vifungo mia na vinne, sina neno la mtu hata mmoja. Niletee mmoja tu, aseme kwa kinywa chake alitaka kwenda wapi akashindwa. Ukurasa huo nitauandika mwenyewe na nitausimamia mwenyewe."

Mjukuu akanigeukia kuniuliza kama yule mzee wa ndizi aliacha jina au namba ya simu. Hakuacha. Nilikuwa nimeinamia mkono wa shati, natafuta kifungo. Vyeupe viko kwenye gundi, vilivyobaki viko juu rafuni. Vyeusi havipiti kwenye tundu la shati. Nikanyoosha mkono kwenye kopo lililokuwa wazi, nikachukua chekundu, nikapitisha uzi.

Bwana Rula aliona. Akaruka kidogo, nusura nimchome.

"Mama, usichukue hicho. Hesabu itapungua."

Nikaendelea kushona. Tundu la kwanza, la pili. Nilisikia cherehani ya jirani inakwenda, nikasikia dereva wa lori anapiga honi, na nikajua pale chumbani wote wananisubiri niseme haidhuru, nitaweka kingine. Kwa kweli neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikazungusha uzi mara tatu chini ya kifungo, kama dada yangu alivyonifundisha, nikaukata kwa meno.

"Haitapungua," nikamwambia. "Yupo mmoja sikumhesabu. Alikuwa amekaa hapa kwenye cherehani, miaka miwili na miezi mitatu, haendi na harudi. Toa kalamu uandike. Nataka kwenda kwa dada yangu, nyumba ya tano baada ya geti, nikapimwe mkono wa kushoto wa gauni langu."